Kuchaji gari ya umeme nyumbani Uingereza kwa bei ya usiku: mwongozo kamili

Uniti moja ileile ya umeme hapa Uingereza unaweza kuinunua kwa pensi 7, kwa pensi 26 au kwa pensi 75, inategemea tu umechomeka gari wapi na saa ngapi. Pensi 7 ni nyumbani usiku ukiwa kwenye tarifu (mpango wa bei wa kampuni ya umeme) ya magari, pensi 26 ni hapohapo nyumbani ila uko kwenye bei ya kawaida ambayo watu kibao wamekaa nayo tu kwa sababu hakuna aliyewaambia kuna nyingine, na 75 ni zile chaja za kasi za barabarani ambako mbali na faida ya mwenye chaja kuna VAT ya asilimia 20, wakati umeme wa nyumbani VAT yake ni asilimia 5. Gari ni hiyohiyo, maili ni zilezile.

Sisi tuliokulia kwenye LUKU, umeme wa Tanzania wa kulipia kabla, hili jambo linatuchanganya kidogo, maana mita ya LUKU ya nyumbani haijui saa, ukipiga pasi saa nane mchana au saa nane usiku uniti zinakatika sawa. Huku umeme kwenye soko la jumla unauzwa kwa vipande vya nusu saa, na bei inapanda jioni watu wakirudi makazini wakawasha majiko na hita kwa pamoja, halafu usiku nchi imelala na mitambo ya upepo ya Scotland na baharini inaendelea kuzunguka, umeme unakuwa mwingi kuliko wa kuutumia. Kampuni inakupa bei poa usiku kwa sababu na yenyewe inanunua kwa bei poa, hakuna uchawi hapo wala siyo ofa ya kuvutia wateja halafu wakugeuke.

Bei nitakazotaja ni za mwaka 2025, chukua kama picha ya jumla. Ofgem, wasimamizi wa soko la umeme na gesi, ambao ni kama EWURA ya Tanzania au EPRA ya Kenya, wanabadilisha kikomo cha bei ya kawaida kila miezi mitatu, yaani Januari, Aprili, Julai na Oktoba, kwa hiyo kabla hujasaini chochote angalia bei ya siku hiyo na ya postikodi yako, kwa sababu nchi imegawanywa kanda 14 na bei inatofautiana kikanda. Na saa nitaziandika kwa Kiswahili na pembeni saa ya simu, manake hapa ukikosea unaweza kuseti gari ichaji mchana kweupe.

Hatua ya 1: jua unakula uniti ngapi

Watu wanarukia kuuliza tarifu ipi ni bora kabla hawajajua wanatumia nini, ni sawa na kuuliza bei ya kitambaa bila kujua mita. Angalia dashibodi ya gari, kuna sehemu inaandika maili kwa uniti (mi/kWh). Gari nyingi za kawaida, Nissan Leaf, MG4, Kia Niro, zinacheza kwenye 3.5 hivi kwa mwaka mzima, kiangazi zinapanda hata 4 na zaidi, baridi zinashuka. Chukua maili zako za mwaka ugawe kwa hiyo namba. Maili 10,000 ugawe kwa 3.5 unapata karibu uniti 2,860 zilizoingia kwenye magurudumu, lakini mita ya nyumbani itahesabu zaidi kwa sababu katika kuchaji umeme mwingine unapotea kama joto, ongeza asilimia 10, inakuwa karibu uniti 3,150.

Sasa zidisha. Kwa pensi 26 hiyo ni kama pauni 820 kwa mwaka. Kwa pensi 7 ni pauni 220. Tofauti pauni 600, na hapo hujabadilisha gari wala hujapunguza safari. Ukichaji zote barabarani kwa pensi 75 unapita pauni 2,100, na hapo gari ya petroli yenye ulaji mzuri inakucheka.

Kwa ndugu zetu wanaoendesha teksi hesabu ni kubwa zaidi. London tangu Januari 2023 gari unayoisajili mara ya kwanza kwa leseni ya teksi za kuagizwa lazima iwe ya umeme au haibridi ya kuchomeka, kwa hiyo wengi wameingia kwenye umeme bila kupenda. Dereva wa maili 30,000 kwa mwaka anakula karibu uniti 9,400, kwa bei ya kawaida ni pauni 2,450 hivi, kwa bei ya usiku ni 660. Kaka, hiyo tofauti ni nauli za kwenda nyumbani na familia na kurudi.

Hatua ya 2: smati mita, na iwe inasoma kila nusu saa

Bila smati mita, yaani mita inayotuma namba zake yenyewe kwa kampuni, huna mazungumzo, kampuni itajuaje umechaji usiku kama mita yako inasomwa mara moja kwa mwezi? Ukiwa nayo tayari ingia kwenye akaunti yako utafute ruhusa ya kusoma mita, kuna chaguo la kila mwezi, kila siku na kila nusu saa, weka nusu saa. Hii ruhusa ndiyo inayokwamisha watu wengi, mita ipo ukutani inang'aa lakini kampuni inapata namba moja tu.

Kama hauna, omba, wanafunga bure. Kama umepanga na bili ya umeme unalipa wewe mwenyewe, kampuni ya umeme unachagua wewe, siyo mwenye nyumba, ila mwambie tu kwa meseji kwamba mita inabadilishwa, ni ustaarabu na inakuepusha na maneno siku ya kuhama. Kama umeme uko ndani ya kodi, hapo mchezo umeisha mpaka mkubaliane. Na kama uko kwenye mita ya kulipia kabla, ya funguo au kadi, tarifu nyingi za magari zinataka ulipe kwa dairekti debiti (kukatwa benki moja kwa moja), kwa hiyo anza na kuomba kubadilishiwa.

Hatua ya 3: chagua tarifu, na hapa tukae kidogo

Kuna aina nne hivi unazokutana nazo.

Ya kwanza ni ya dirisha la saa. Bei ya usiku ni ndogo kwa saa fulani tu, nje ya hapo unalipa bei ya mchana ambayo mara nyingi iko juu kidogo ya bei ya kawaida. Mfano ni Octopus Go ya kampuni ya umeme ya Octopus, dirisha lake ni saa sita na nusu usiku hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri (00:30 hadi 05:30). Kampuni nyingine kubwa nazo zina za kwao, za saa tano, sita, mpaka saba. Uzuri wake ni kwamba haihitaji gari wala chaja ya aina fulani, unaseti saa kwenye gari basi, hata Leaf ya zamani inaweza. Na bei ya usiku inahesabika kwa nyumba nzima, siyo gari peke yake.

Ya pili ni ile unayoikabidhi kampuni usukani. Unachomeka gari, unasema "nataka asilimia 80 saa moja asubuhi", wao ndio wanaamua ianze na kusimama saa ngapi kufuatana na umeme ulivyo kwenye gridi. Intelligent Octopus Go iko hivi, na inakupa dirisha la saa tano na nusu usiku hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri (23:30 hadi 05:30) la nyumba nzima. OVO, kampuni nyingine ya umeme, wana Charge Anytime ambayo yenyewe inatenga gari, uniti za gari zinatozwa bei ndogo na nyumba inabaki kwenye bei yake. Hizi ndizo huwa na pensi ndogo kabisa, lakini zinataka gari yako au chaja yako iwe kwenye orodha yao. Angalia orodha KABLA hujanunua chaja, sio baada. Nimeona mtu kanunua chaja nzuri tu ya bei, haimo kwenye orodha, gari yake nayo haimo, akabaki kwenye dirisha la saa kwa pensi moja na nusu zaidi kila uniti miaka yote.

Ya tatu ndiyo yenye kelele mtandaoni, bei ya kila nusu saa. Octopus Agile ilianza 2018, kila siku jioni kuanzia saa kumi (16:00) wanatoa bei 48 za siku inayofuata, moja kwa kila nusu saa, zinafuata soko la jumla. Usiku wa upepo mkali unaweza kukuta pensi 3, pensi 1, mara nyingine bei inashuka chini ya sifuri, yaani unalipwa kutumia umeme, siyo utani. Ila kuanzia saa kumi jioni hadi saa moja (16:00 hadi 19:00) kuna nyongeza imewekwa makusudi juu ya bei ya soko, na dari ni pauni 1 kwa uniti. Pauni nzima! Haifiki huko mara kwa mara lakini mkataba unaruhusu, na mwaka 2022 gesi ilipopanda watu wa Agile walikuwa wanagota kwenye dari ya wakati ule wiki hadi wiki, kwa sababu bei ya umeme huku mara nyingi inavutwa na bei ya gesi.

Mimi Agile siwapendekezei familia zetu nyingi, na sababu ni jiko. Nyumba ya Mswahili saa kumi na moja jioni ndiyo kwanza inachangamka, watoto wametoka shule, maharage yanachemka, chapati zinasukumwa, na kama jiko ni la umeme hapo uko katikati ya saa za bei mbaya kabisa. Halafu ije Ramadhani. Mwaka 2026 London magharibi inaingia kati ya saa kumi na moja na dakika ishirini jioni mwanzoni mwa mfungo na saa kumi na mbili na dakika kumi mwishoni, yaani sambusa, katlesi, viazi vya nazi, vyote vinapikwa ndani ya yale masaa matatu. Kwenye tarifu ya dirisha ni kinyume chake, daku yote inapikwa kwa bei ya usiku, uji, chai na kupasha wali, kwa sababu alfajiri inaingia kabla ya saa kumi na moja na nusu. Agile inamfaa mtu wa peke yake au wawili, jiko la gesi, anarudi usiku, anayependa kuchungulia bei kwenye simu kila jioni, au mwenye betri ya ukutani ya kuvukia zile saa tatu.

Ya nne ni Economy 7, ya tangu miaka ya 1970, saa saba za usiku. Ukikuta nyumba uliyopanga inayo usifurahi haraka, bei yake ya usiku kwa kawaida ni kubwa mara mbili ya hizi za magari au zaidi. Na mita zake nyingi za zamani saa haibadiliki kiangazi, dirisha linasogea saa nzima mbele kwenye saa ya ukutani, kwa hiyo ukiseti kwa mazoea, muda wa saa nzima wa kuchaji gari unaingia bei ya mchana.

Sasa kipimo cha kujua kama inakulipa. Chukua bei ya mchana ya tarifu mpya utoe bei unayolipa leo, zidisha na uniti za nyumba. Tuseme nyumba inatumia uniti 2,700 kwa mwaka, ambayo mwaka 2025 Ofgem waliichukulia kama nyumba ya wastani, na bei ya mchana imezidi kwa pensi 3, unapoteza pauni 81 kwa mwaka. Gari nayo inaokoa pensi 19 kila uniti, gawa 8,100 kwa 19, unapata uniti 426, kama maili 1,350. Ukiendesha zaidi ya hapo kwa mwaka umeme ukiuchukua nyumbani, umepata. Karibu kila mtu anapata. Asiyepata ni yule anayechaji bure kazini, au nyumba kubwa yenye watu nane, hita za umeme na shawa ya umeme mchana kutwa, huyo hasara yake ya mchana ni kubwa, afanye hesabu kwa makini. Na usisahau kulinganisha ada ya kila siku, ni kama pensi 50 na ushee, na baadhi ya kampuni wanaipandisha kimyakimya huku wakitangaza pensi 7 kwa herufi kubwa.

Hatua ya 4: chaja ya ukutani au soketi ya kawaida?

Utaambiwa na kila muuzaji kwamba lazima ufunge chaja ya ukutani. Siyo lazima. Kebo ya soketi ya kawaida ya pini tatu inatoa kilowati 2.3. Kwenye dirisha la saa tano inaingiza uniti 11 na nusu, toa zinazopotea, unabaki na maili 35 hivi kila usiku. Mtu anayekwenda kazini maili 12 na kurudi, akapitia na dukani, ametosheka kabisa na pauni yake 1,000 ya chaja inabaki mfukoni. Chaja ya ukutani inatoa kilowati 7.4, kwa saa tano hizohizo ni uniti 37, maili 115 na zaidi. Kwa hiyo dereva wa teksi wa maili 100 kwa siku hana ujanja, afunge. Wa katikati achaji kila usiku badala ya kusubiri betri iishe, mbona simu tunachaji kila siku.

Lakini soketi, tafadhali. Kuvuta ampea 10 saa tano mfululizo kila usiku siyo sawa na kuchemsha birika. Soketi ya zamani, iliyolegea, iliyopakwa rangi mara tatu, itapata moto. Usiku wa kwanza, gari ikishachaji kwa muda wa saa moja, nenda kaishike: vuguvugu sawa, ikiwa ya moto au plastiki imeanza kugeuka rangi ya kahawia chomoa na uite fundi. Na ekstensheni iliyopitishwa dirishani hapana, hata kama ni "kwa leo tu". Bora umlipe fundi umeme aliyesajiliwa akufungie soketi ya nje ya kazi hiyo yenye waya wake peke yake kutoka kwenye boksi.

Ukiamua kufunga chaja, fundi ataangalia fyuzi kuu ya nyumba. Nyumba za zamani nyingi ni ampea 60 au 80, chaja inakula 32, shawa ya umeme inakula 40, hapo ukiongeza oveni unaona mwenyewe. Suluhisho ni kifaa kidogo kinachobanwa kwenye waya mkuu, kinapima nyumba inavuta kiasi gani na kuipunguzia chaja moto mtu akiingia kuoga. Fundi pia ndiye anayetoa taarifa kwa kampuni ya nyaya ya eneo lenu, hakikisha amefanya, uliza karatasi. Kuna ruzuku ya serikali kwa wapangaji na wanaoishi flati, omba kabla ya kufunga, ukishafunga umechelewa.

Jambo moja linawasumbua watu wanapopata chaja mpya. Tangu 30 Juni 2022 sheria inasema chaja za nyumbani ziuzwe zikiwa zimesetiwa kutochaji saa za msongamano siku za kazi, yaani saa mbili hadi saa tano asubuhi na saa kumi jioni hadi saa nne usiku, unaweza kubadilisha mwenyewe. Na zina kuchelewa kwa makusudi hadi dakika 10 ili gari za nchi nzima zisiwake sekunde moja. Kwa hiyo umeseti saa sita na nusu, unachungulia dirishani sita na dakika thelathini na nne, taa haijageuka rangi, usipige simu ya malalamiko, ngoja kidogo.

Hatua ya 5: amri itoke sehemu moja

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea na watu hawajui. Unaweza kuseti saa kwenye gari, kwenye programu ya chaja, na kwenye programu ya kampuni ya umeme. Ukiseti mbili zisizofanana, ama gari haichaji kabisa unaamka na asilimia 14, ama mbaya zaidi inachaji saa moja jioni mara tu unapochomeka na hujui mpaka bili ije. Chagua mmoja awe bosi, wengine wote wazime.

Tarifu ya dirisha na kebo ya kawaida: bosi ni gari, weka kuanza 00:35 na kumaliza 05:25, acha dakika tano tano pembeni kwa sababu saa ya gari na saa ya mita hazilingani kila mara. Tarifu ya dirisha na chaja ya ukutani: bosi ni chaja, gari iwe "chaji mara moja". Tarifu ya kuikabidhi kampuni: bosi ni kampuni, ratiba zote za gari na chaja zifutwe, kazi yako ni kusema asilimia na saa ya kuondoka, na uchomeke mapema ukirudi, usisubiri usiku, ili wapate nafasi ya kupanga. Agile: tumia chaja inayosoma bei zenyewe, Ohme kwa mfano inaweza, unaiambia uniti 20 zikiwa na saa ya mwisho, yenyewe inatafuta zile nusu saa sita za chini, maana kwa kilowati 7.4 uniti 20 ni chini ya saa tatu.

Kile kitufe cha kuchaji papo hapo kwenye programu watoto na wageni wanakipenda, na kwenye baadhi ya gari ukikibonyeza mara moja kinabaki hivyo mpaka ukizime. Mwelekeze mwenzio nyumbani.

Kiwango weka asilimia 80 siku za kawaida, betri inadumu zaidi. Isipokuwa betri za LFP (aina ya betri za lithiamu zenye chuma na fosfeti), hizo watengenezaji wengi wanataka uzijaze mpaka 100 mara moja kwa wiki, angalia kitabu cha gari yako.

Hatua ya 6: nyumba nayo ihamie usiku

Kama bei ya usiku ni ya nyumba nzima, gari isile peke yake. Tangi la maji ya moto lenye hita ya kilowati 3 ndilo la kwanza, weka taima, lichemshe saa kumi alfajiri maji yakukute asubuhi. Mashine ya vyombo inafuata. Mashine ya kufua ipange imalizike karibu na muda wa kuamka ili nguo zisilale mbichi. Mashine ya kukausha nguo mimi siiwashi watu wamelala, na zimamoto wa huku wanashauri hivyohivyo, akiba ya pensi 40 haifai kuchezea moto na watoto juu ghorofani.

Friji na friza waache, havina usiku wala mchana.

Baridi ikija, gari ina kitu cha kujipasha moto kabla ya kuondoka ikiwa bado imechomekwa. Ukiondoka saa kumi na moja na robo alfajiri umepata joto kwa bei ya usiku. Ukiondoka saa moja na nusu asubuhi utalipa bei ya mchana, pensi 15 hivi, lipa tu uende na joto, usiwe bahili mpaka vidole vigande kwenye usukani. Ila kumbuka maili zinashuka, Januari uniti ileile inakupeleka pungufu kwa robo hivi, na mwenye kebo ya kawaida ndiye anayeumia kwa sababu dirisha lake halijarefuka.

Hatua ya 7: kagua wiki ya kwanza, usingoje bili

Baada ya siku tatu nne ingia kwenye akaunti, fungua grafu ya nusu saa. Unatafuta nguzo ndefu. Chaja ya 7.4 inaonekana kama uniti 3.7 kila nusu saa, kebo ya kawaida ni 1.15. Zikisimama zote kati ya sita na nusu na kumi na moja na nusu, umemaliza. Ukiona nguzo moja imesimama saa mbili usiku, rudi hatua ya 5, kuna mabosi wawili.

Halafu angalia bei zenyewe kwenye bili ya kwanza, mistari miwili, usiku na mchana. Inatokea mtu kahamia tarifu mpya lakini kampuni haijaanza kupokea namba za nusu saa, wanamtoza bei moja kwa wiki kadhaa. Huwa wanarekebisha ukidai, kwa hiyo piga picha ya mita siku uliyohamia na uhifadhi. Una siku 14 za kughairi ukiingia mkataba mpya, na mikataba mingine ina faini ya kutoka mapema, iangalie kabla ya kukimbilia pensi nusu kwa jirani. Weka ukumbusho kwenye simu mwezi mmoja kabla ya mkataba kuisha, maana ukiisha wanakurudisha kwenye bei ya kawaida, moja mchana na usiku, na gari itaendelea kuchaji alfajiri kwa pensi 26 wewe umelala.

Wenye sola juu ya paa

Akili ya kwanza inasema jua la bure liingie kwenye gari. Tazama bei kwanza. Kama kampuni inanunua umeme wako wa ziada kwa pensi 12 au 15 na usiku inakuuzia kwa 7, basi uza jua lote mchana, chaji usiku, kila uniti inakuachia faida. Zile chaja zinazofuata jua, kama zappi, zina maana pale unapouza kwa pensi 4 au huna mkataba wa kuuza kabisa. Pia inverta za siku hizi na betri ya ukutani zinaweza kuchaji usiku zikalisha nyumba zile saa za jioni, ila angalia betri ya nyumba isije ikamwaga umeme wake kwenye gari usiku, hilo linatokea sana, mwambie fundi atenge waya wa gari.

Usiye na paking yako

Hapa bei nzuri ni ngumu kuipata, siyo siri. Kama nyumba inatazama barabara, kaunsili nyingi sasa zinaruhusu mfereji mdogo unaokatwa kwenye njia ya miguu kebo ipite ndani yake, unaomba kibali na unalipia, lakini ukishaupata unaingia kwenye pensi 7 kama wengine, sharti upate nafasi ya kuegesha hapo mbele. Kuitandaza kebo juu ya njia ya miguu bila kibali usifanye, bibi akijikwaa ni kesi. Flati yenye paking ya pamoja, andikeni barua wapangaji kadhaa kwa pamoja kwa anayesimamia jengo, mkitaja ile ruzuku maana kuna sehemu yake ya wenye majengo pia. Na kama hakuna namna, chaja za nguzo za taa mtaani ni za polepole lakini nyingi zina bei ya usiku, baadhi zinashuka kuanzia saa nne au saa sita usiku, fungua programu yake usome masaa, halafu acha gari ilale hapo badala ya kukaa dakika arobaini kwenye chaja ya kasi ya barabara kuu ukila sandwichi ya pauni 5.